Ukiijua Plastiki, Gundi Itajichagua

Mtu akiniletea gari la kuchezea lililovunjika, neno lake la kwanza huwa, "Fundi, gundi gani itashika hapa?" Mimi huligeuza lile gari tumbo juu kwanza, nikatafuta alama. Swali la gundi halijibiki kabla ya swali la plastiki, na wengi huliruka hilo la pili kwa sababu machoni mwao plastiki ni plastiki tu. Kumbe ni ukoo mkubwa wa ndugu wasiofanana tabia. Mmoja ukimdondoshea tone la asetoni, ile ya saluni za kucha, analainika papo hapo. Mwingine unaweza kumloweka humo kutwa nzima akatoka vilevile alivyoingia.

Kazi inayonilisha ni redio, feni na pasi. Vitu vya watoto viliingia kupitia dada yangu, ambaye ana chekechea huku Mbagala. Watoto wakijaa chumba kimoja, haipiti wiki bila gurudumu kung'oka au mkono wa mwanasesere kuchomoka, na vitu hivyo hununuliwa Kariakoo kwa fedha inayokusanywa kwa shida. Akaanza kuniletea mfuko, kisha majirani wakasikia. Baadaye akaja mzee mmoja mteja wangu wa redio, mstaafu, ambaye anaunda ndege ndogo za modeli, zile zinazouzwa vipandevipande kwenye boksi, na kwake nikajifunza upande mwingine kabisa wa kazi hii. Ninayoyaandika hapa yanatokana na meza hiyo moja.

Nianze na utambuzi, maana hapo ndipo kazi ilipo. Vyombo vya nyumbani mara nyingi vina pembetatu yenye namba chini: 1 ni PET ya chupa za maji, 2 ni polithini ngumu, 3 ni PVC, 4 ni polithini laini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistairini, na 7 ni mchanganyiko wa zote zilizobaki. Vitu vya kuchezea havina pembetatu hiyo kila mara, lakini ukifungua skrubu ukatazama ndani ya ganda utakuta herufi zimechapwa kwenye plastiki yenyewe: ABS, ile ngumu ya maganda ya redio; PP, yaani polipropilini; PS, yaani polistairini; au POM, ya meno ya mota. Boksi za modeli za Kijapani, hasa zile za maroboti za Bandai, huandika jina la plastiki kwenye fremu inayoshikilia vipande, kwa hiyo usiitupe fremu kabla hujaisoma.

Pasipo alama, mimi hutumia maji. Nakwangua kijipande kidogo sehemu isiyoonekana, nakitumbukiza kwenye bilauri ya maji yenye tone la sabuni ili mapovu yasikishikilie juu. Kikielea, ni polithini au polipropilini, kwa sababu hizo ni nyepesi kuliko maji. Kikizama, nakihamishia kwenye maji ya chumvi, chumvi iliyokorogwa mpaka ikakataa kuyeyuka. Humo ABS na polistairini huibuka, ilhali PVC inabaki chini. Kipimo hiki kina udhaifu wake: viwanda vingine huchanganya unga wa mawe kwenye polipropilini ili iwe ngumu, na hapo inaweza kuzama ikakudanganya. Ndiyo maana namalizia na asetoni. Tone moja kwa kijiti cha pamba, mahali pa siri. Uso ukinata kidoleni, umepata ABS au polistairini. Ukibaki mkavu na wenye kung'aa kama ulivyokuwa, jiandae, maana hapo gundi nyingi hazitakusaidia.

Wapo wanaochoma kipande kwa kiberiti wakanusa moshi. Sifanyi hivyo na sipendi mtu afanye karibu na watoto. PVC ikiungua hutoa mvuke wa asidi unaounguza koo na macho, na hakuna gari la kuchezea linalostahili gharama hiyo.

Sasa supa gluu, kwa sababu ndiyo iliyo mkononi mwa kila mtu, kuanzia dukani kwa Mangi hadi kwa machinga wa kwenye foleni. Jina lake la kikemia ni sianoakrilati. Mkemia wa Kimarekani Harry Coover alikutana nayo mwaka 1942 akiwa anatafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, akaiacha kwa kuwa ilinata kila mahali, na ikaingia sokoni mwaka 1958. Haikauki kwa kupoteza maji kama gundi ya karatasi. Inagandishwa na unyevu kidogo uliopo juu ya kitu chenyewe na hewani. Kutokana na hilo, mambo mawili yanafuata ambayo watu huyafanya kinyume. La kwanza, tabaka jembamba lina nguvu kuliko nene. Tone kubwa hukawia kuganda katikati na kiungo kinabaki dhaifu. La pili, joto na unyevu wa pwani yetu huigandisha haraka, kwa hiyo vipande lazima viwe vimeshajaribiwa vikavu, vikakaa sawasawa, kabla hujafungua kichupa.

Udhaifu wa supa gluu ni kwamba ikikauka ni ngumu lakini haina uvumilivu wa kupigwa. Ukivuta kiungo moja kwa moja kinakubali. Ukikibandua kwa pembeni au ukikiangusha sakafuni, kinaachia kwa mkupuo. Kitu cha mtoto huangushwa kila siku. Kwa hiyo mkono wa roboti ulioshikwa na supa gluu peke yake, mimi siuhesabu kuwa umetengenezwa. Natoboa tundu dogo pande zote mbili, naweka kipande cha waya wa chuma kilichokatwa kutoka kwenye klipu ya karatasi, ndipo naunganisha. Waya unabeba pigo, gundi inazuia kuchezacheza. Penye pengo, nanyunyiza bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, nadondoshea supa gluu juu yake, na inageuka kitu kigumu mara moja, ambacho nakisugua kwa msasa mpaka kilingane na uso.

Sehemu kubwa ya kazi yangu, kusema kweli, ni kuondoa gundi ya mtu aliyenitangulia. Kitu kinafika kikiwa na tabaka tatu za supa gluu nyeupe, na kila tabaka ilishika tabaka iliyopita wala haikuigusa plastiki. Gundi mpya juu ya gundi ya zamani ni kupoteza muda. Nakwangua kwa wembe mpaka plastiki yenyewe ionekane, naosha kwa sabuni, napangusa kwa spiriti ili mafuta ya vidole yatoke, nakwaruza kidogo kwa msasa laini. Dakika kumi hizo zinazidi thamani ya gundi yoyote ghali.

Kwa ABS na polistairini kuna njia bora zaidi, na hii ndiyo mzee wa ndege alinifungua macho. Siku ya kwanza alipokuja na boksi lake nilimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia na kuniwekea mezani kichupa chenye brashi kwenye kizibo. Kilikuwa cha kampuni ya Tamiya ya Japani, kimiminika chepesi kama maji. Alivibananisha vipande viwili vya bawa vikavu kabisa, bila gundi, kisha akagusisha ncha ya brashi kwenye mstari wa muungano. Kimiminika kikakimbia chenyewe ndani ya ufa mpaka mwisho. "Hapa hatugundishi, kijana wangu," akasema, "tunachomelea." Na ni kweli. Ndani mna asetoni na butili asetati, ambazo hulainisha nyuso mbili za plastiki zikachanganyika. Zikishageuka mvuke, kinachobaki ni plastiki tupu. Hakuna tabaka la kitu kigeni katikati, na kiungo kilichofanywa vizuri hukaribia nguvu ya plastiki yenyewe.

Masharti yake ni machache lakini hayana msamaha. Plastiki mbili ziwe za jamii inayoyeyuka. Rangi iondolewe kwenye sehemu ya kuungana, maana kimiminika kikikutana na rangi kitalainisha rangi na kuishia hapo. Usiweke kidole kwenye mstari, kwani kimiminika hufuata kidole na alama yako itachorwa juu ya bawa milele. Na uache mpaka kesho. Kwa mguso kinaonekana kimeshika baada ya dakika chache, lakini ndani bado ni laini.

Kichupa cha namna hiyo si rahisi kukipata madukani kwetu, na kwa gari la mtoto la ABS hukihitaji. Asetoni safi inauzwa maduka ya vipodozi, ile wanayotumia saluni kuondolea kucha za bandia. Soma lebo, kwa sababu viondoa rangi ya kucha vingi siku hizi vimetengenezwa bila asetoni na havitafanya lolote. Mimi nina mtungi mdogo wa kioo wenye kifuniko cha chuma. Ndani nimeweka vipande vya ABS kutoka vitu vilivyokufa kabisa, nikamwagia asetoni ivifunike, nikaacha usiku kucha. Asubuhi ni dawa nzito ya kupaka, yenye rangi ileile ya kitu ninachotengeneza, kwa sababu nilichagua vipande vya rangi hiyo. Inajaza pengo na kuchomelea kwa wakati mmoja. Matofali ya LEGO ni ABS tangu mwaka 1963, na maganda mengi ya magari ya rimoti, redio na simu za kuchezea ni ABS vilevile, kwa hiyo mtungi huo mmoja unanifikisha mbali. Wapo wanaotumia tina ya rangi badala yake. Kwa polistairini nyembamba ni kali mno, inakunja ukingo mzima.

Nije kwenye lile kundi gumu: polipropilini na polithini. Baiskeli za matairi matatu, malori makubwa ya kupakia mchanga, ndoo na koleo za kuchezea ufukweni, karibu zote ni za kundi hili, kwa sababu ni rahisi na hazipasuki upesi. Uso wake unakataa kulowana. Dondosha gundi juu yake utaona inajikusanya kuwa shanga badala ya kutandaa, na gundi isiyotandaa haishiki. Epoksi, gundi ya kuchanganya kutoka mirija miwili, inabanduka kama gamba. Supa gluu inabanduka. Gundi ya moto ya kijiti inabanduka, labda siku ya pili. Zipo supa gluu zinazouzwa pamoja na kalamu ya kupakia dawa ya kutangulia, maalumu kwa plastiki hizi, na kwa kipande kidogo kisichobeba uzito zinafaa. Kwa mhimili wa baiskeli anayokalia mtoto wa miaka minne, hapana.

Hapo walimu wangu ni mafundi wa ndoo na wale wanaoshona viti vya plastiki mtaani. Nani hajaona kiti cha bustani kilichopasuka mgongo kikashonwa kwa waya, kikaendelea kukaliwa miaka? Ujuzi ule ni sahihi kabisa. Natoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa kwanza, ili ufa usiendelee kutembea. Mtu akisahau hatua hii, mshono wote ni bure. Halafu natoboa matundu pande mbili za ufa, mbali kidogo na ukingo, nashona kwa waya laini usioshika kutu au kwa uzi wa kuvulia samaki, na ncha zote nazikunja upande ambao ngozi ya mtoto haitafika.

Njia nyingine ni joto. Ninacho kichomeo cha risasi cha kazi ya redio, na kwa moto mdogo kinachomelea plastiki hizi vizuri. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi na polithini ngumu karibu na 130, kwa hiyo kichomeo kilichowashwa kwa kazi ya risasi, nyuzi 300 na zaidi, huichoma badala ya kuiyeyusha. Plastiki ikibadilika rangi na kutoa moshi mzito, umepita. Kijiti cha kujazia lazima kiwe cha plastiki ileile: polipropilini kwa polipropilini, polithini kwa polithini, la sivyo zitalala pamoja bila kuungana. Vizibo vya chupa hunisaidia sana hapa. Vingine ni vya namba 2, vingine vya namba 5, na mara nyingi imeandikwa ndani. Nachomelea upande wa ndani na wa nje, dirisha likiwa wazi na feni ikisukuma hewa kutoka.

Wanasesere ni habari nyingine. Kichwa na mikono yao mara nyingi ni PVC laini, iliyolainishwa kwa mafuta maalumu yaliyochanganywa kiwandani. Mafuta hayo hujitokeza juu polepole kadiri miaka inavyokwenda, ndiyo maana mwanasesere wa zamani hunata mkononi. Yanadhoofisha gundi kwa chini, na supa gluu, ambayo ni kavu na ngumu, haipatani na ngozi inayojikunja. Lakini mkono wa mwanasesere uliochomoka hauhitaji gundi hata kidogo. Uchovye kwenye maji ya moto dakika kadhaa, plastiki inalegea, unausukuma urudi kwenye tundu lake, ukipoa unakaza. Binti mmoja wa chekechea aliniona nikifanya hivyo akauliza, "Fundi, haumwi?" Nikamwambia anaoga tu, akaridhika, akakaa kumsubiri.

Maboya na mipira ya kujaza upepo nayo ni PVC. Gundi ya mabomba ya maji inaishika, ila ikikauka inakakamaa na kiraka hupasuka pembeni mwake. Tumia ile gundi ya kiraka inayokuja na boya lenyewe, au inayouzwa kwa ajili ya vinyili laini. Na boya lililozibwa libaki kwenye beseni la uani. Usimpeleke nalo mtoto baharini.

Meno madogo meupe yanayozungushwa na mota ndani ya gari la rimoti huwa ni POM au nailoni, na yakipasuka kwenye mhimili sihangaiki na gundi. Naokoa mengine kutoka gari lililokufa.

Kuhusu sehemu angavu, kioo cha rubani kwenye ndege ya modeli kwa mfano, supa gluu ni adui. Mvuke wake hutua kwenye kioo na kuacha ukungu mweupe usiofutika. Mzee hutumia gundi nyeupe ya mbao, tone dogo kwa kijiti cha meno. Haina nguvu nyingi, lakini kioo hakibebi kitu, na ikikauka haionekani.

Epoksi ya mirija miwili naiweka kwa kazi zenye pengo na uzito: mguu wa farasi wa kuchezea, kitako cha roboti kilichobomoka, chuma kuungana na ABS. Vipimo viwe sawa kama maelezo yanavyotaka. Kuongeza kigumishi ili iwahi kukauka kunaipunguzia nguvu. Ile inayoshika kwa dakika tano ni rahisi kutumia, lakini ile ya polepole, ya saa ishirini na nne, ina nguvu zaidi, nami huichagua kila mara mwenye kitu anaponiachia muda. Kwa joto la Dar inaanza kukaza kabla ya muda ulioandikwa kwenye boksi, kwa hiyo nachanganya kidogokidogo.

Kuna kazi ninazozikataa, na nazieleza wazi kwa mzazi. Kitu cha mtoto mchanga, kile anachokitia mdomoni, sikigundishi. Na mfuniko wa betri uliovunjika kwenye kitu kinachotumia betri za kitufe, zile bapa kama shilingi, siufungi kwa gundi wala kwa selotepu. Mtoto akiimeza betri hiyo ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio vibaya ndani ya saa mbili. Kama siwezi kurudisha mfuniko unaofungwa kwa skrubu, naitoa betri, nakirudisha kitu kikiwa kimya, na kumwambia mzazi sababu. Wengine hununa. Siku moja mama mmoja alisisitiza kwamba mwanawe anaupenda ule wimbo wa simu, na simlaumu, lakini betri haikurudi ndani.

Uhifadhi una umuhimu wake. Supa gluu iliyofunguliwa naitia kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya punje za kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu, kopo linakaa kwenye friji mbali na chakula, na silifungui mpaka lipate joto la chumba, ili unyevu usijikusanye ndani ya kichupa. Kidole kikinata, maji ya uvuguvugu yenye sabuni na subira, usivute ngozi. Isimwagike kwenye nguo ya pamba, maana hukutana nayo ikatoa joto la kuunguza.

Asetoni, tina na gundi ya viatu zinakaa kabati la juu lenye kufuli, na funguo ninayo mimi. Watoto wa mitaani katika miji yetu wameharibiwa na kunusa gundi ya viatu, na meza ya fundi inayozungukwa na watoto kila jioni haina sababu ya kuacha kopo wazi. Anayekuja kuchukua gari lake kabla gundi haijakomaa namwambia kesho baada ya shule, na kesho analipata.